Mashine ya Kusaga ya Pimamaji

Inatangazwa kwa ndugu, jamaa, majirani wema, majirani wabaya, na wale ambao bado hawajaamua wawe upande gani, kwamba stendi ya mashine imesimama. Imezaliwa salama. Ina miguu minne, haina mdomo, na iliingia ndani ya nyumba mabegani mwa wanaume wanne waliokuwa wakimlaani baba yake kwa zamu. Baba yake ni fundi mstaafu aitwaye Pimamaji, ambaye tangu aanze kuilea mimba hiyo hajasemezana vizuri na kiumbe yeyote isipokuwa chuma. Wenye zawadi wakae nazo. Wenye maneno wayameze. Wenye nafaka za kusaga wasikilize kwanza mpaka mwisho.

Jina la Pimamaji hakupewa na wazazi wake. Alipewa na walimwengu, kwa ajili ya kile kifaa cha kupimia usawa, chenye kichupa cha maji ya kijani na kiputo kimoja cha hewa kinachohangaika kutafuta katikati. Wanaume wengine hutembea na kalamu kwenye mfuko wa shati. Yeye alitembea na pimamaji. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa ameshaiweka juu ya meza yako. "Meza imelala," anasema. Hujamuuliza. Kwenye harusi ya mpwa wake alimsimamisha mpiga picha kwa sababu keki ilikuwa imeinamia upande wa bwana harusi. Kwenye msiba wa jirani alionekana ameinama karibu na jeneza, mabega yanatikisika, watu wakadhani analia. Alikuwa anapima, na mabega yalikuwa yanatikisika kwa hasira.

Mpaka hapo alikuwa kero ya rejareja. Kero ya jumla alianza kuwa siku kiwanda alichokuwa akichonga vipuri kilipofungwa. Wenzake waligombania viti vya ofisini na feni. Yeye akaondoka na mashine ndogo ambayo hakuna aliyeitaka: kimo cha mbuzi aliyekaa, uzito wa mbuzi aliyemeza mbuzi wenzake. Ina kimeza cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na juu yake inaning'inia shingo yenye kisu kinachozunguka. Unakibana kipande cha chuma kwenye kimeza, unakisogeza taratibu, kisu kinakila mpaka kinakuwa umbo unalotaka. Kiwandani waliiita milingi. Kwa Kiswahili cha fundi, mashine ya kusaga. Kumbuka neno hilo, maana ndilo lililoleta watu na ndoo zao.

Mkewe hakuwa na habari na vipuri. Alichokijua ni kimoja: tangu mume wake astaafu, alikuwa anamfuata jikoni akipima sufuria zikiwa motoni. "Mchuzi wako umejaa zaidi upande huu," alimwambia siku moja, na siku hiyo ilibaki kidogo mchuzi uhamie upande wa kichwani kwake. Kwa hiyo mashine ilipoingia chumba cha nyuma na mume akaingia nayo, mwanamke alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Na Pimamaji mwenyewe alijua, ingawa hangelisema hata kwa mateke, kwamba kati yake na kuwa mzee anayeuliza chakula kitaiva saa ngapi, kilichosimama ni ile mashine peke yake. Ikitoka nyumbani, na yeye ameisha.

Tatizo lilikuwa ukuta.

Nyumba ile waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume, na kwa vile walikuwa hawaelewani hata juu ya nani aliyelia zaidi siku ya mazishi, waliikata katikati kwa ukuta wa tofali moja. Ukuta mwembamba. Mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili zamani alikuwa anasema "afya". Siku hizi anasema "endelea hivyohivyo".

Huyo mdogo mtaa ulimwita Fundi Saa, maana alitengeneza saa za mkononi na za ukutani, na meza yake ya kazi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi ya shetani, ilikuwa imegusana na ukuta uleule. Alikuwa mtu wa vitu vidogo: parafujo ndogo, springi ndogo, na roho ya ukubwa huohuo. Kila asubuhi alimwamkia kaka yake, kwa sababu adabu ni adabu, lakini shikamoo yake aliitoa akiwa anaangalia pipa la taka. Naye Pimamaji aliitika marahaba akiangalia mawingu. Mgeni angedhani pipa na mawingu vina undugu.

Siku ya kwanza Pimamaji aliiweka mashine juu ya meza ya zamani ya kulia chakula, akabana kipande cha chuma, akawasha. Kisu kilipogusa chuma, meza ikaitika. Ilitetemeka, ikanguruma, kisha ikaanza kutembea kuelekea mlangoni kama mgeni aliyechoshwa na mazungumzo. Alikuwa bado anaikimbiza alipoingia Fundi Saa, lenzi yake ya kukuzia vitu imemng'ang'ania jichoni.

"Kaka, unabomoa nyumba?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani inayogonganisha meno ya watu?"

"Meno yako yamelegea tangu utotoni. Usisingizie mashine."

"Nilikuwa nimefungua saa ya mke wa mwalimu mkuu! Imeruka yote. Springi sijui imeingia wapi."

"Itafute. Si ndiyo sababu umevaa jicho la ziada?"

Mkewe Pimamaji naye akatokea, si kwa ajili ya saa wala ya shemeji. "Meza yangu! Mbona iko mlangoni?"

"Imenyoosha miguu," akasema mume wake.

Fundi Saa aligeuka. Alikwenda moja kwa moja kumwita shangazi.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba yao. Marehemu alipokuwa anakata roho alisema, "Jambo likiwashinda, neno la mwisho ni la dada yangu," na tangu siku hiyo dada mtu amelitumia neno hilo la mwisho kama neno la kwanza, la katikati na la kiitikio. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha pekee kisichokuwa kimevunjika, akawaweka wapwa zake kwenye benchi moja ili wagusane mabega na wakereke.

"Haya. Hiyo mashine ni ya nini?"

"Ni milingi, shangazi," akasema Pimamaji.

"Ya nini?"

"Ya kusaga."

Hapo palikuwa na neno moja lililobaki, neno *chuma*, na alikuwa nalo tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini uso wa shangazi ulikuwa umeshachanua.

"Ya kusaga! Mbona hamsemi? Marehemu mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga. Mtaa wetu wote ulikula unga wa mkono wake. Yako ni ya dizeli?"

"Ya umeme, shangazi."

"Afadhali, haina moshi. Wewe," akamgeukia Fundi Saa, "kaka yako anawaletea watu riziki karibu, wewe unaniletea habari za springi?"

Pimamaji aliutazama ushindi wake, akalitazama lile neno *chuma*, akalimeza. Lilishuka kama mfupa. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Kama mtu kasikia unga mahali pasipo unga, hiyo ni njaa yake mwenyewe.

Fundi Saa alielewa kila kitu. Alifungua kinywa ili asahihishe, halafu akakifunga polepole, kama mtu anayefunga kisanduku chenye nyoka ambaye atamhitaji baadaye. Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu ndani ya chumba kimoja na kaka yake tangu ukuta ujengwe, na Pimamaji angekuwa mwerevu angeogopa.

"Lakini haki lazima itendeke," akasema shangazi, aliyependa haki kama wengine wanavyopenda ugoro. "Mashine ya kusaga haikai juu ya meza ya kulia. Itengenezee stendi ya maana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja. Tutaweka bakuli la maji kwenye meza ya huyu mdogo wako, wewe utawasha. Maji yakitulia, mashine ibaki, na asiniletee tena mtu maneno. Maji yakitikisika, mashine itoke na isirudi."

Basi Pimamaji akaenda kwa mchomeleaji.

Mchomeleaji huyo alikuwa akiitwa Cheche, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, mbele kumejaa mageti yanayosubiri wenyewe. Alikuwa fundi wa haraka. Alichomelea kama anayefukuzwa, na wateja wake wengi kweli walikuja kumfukuza.

"Nataka stendi," akasema Pimamaji, akichora chini kwa kipande cha chaki. "Mabomba ya mraba, yale manene, si haya makaratasi yako. Juu bati nene kama kidole. Miguu itanuke chini."

"Itanuke vipi?"

"Iende nje. Kama mtu anayejua kuna anayekuja kumsukuma."

"Mzee, mimi nachomelea mageti. Geti halitanui miguu."

"Ndiyo maana yako yote yameanguka."

Cheche alikata mabomba kwa grenda, akayapanga, akashusha miwani myeusi, akaanza. Alianza upande mmoja na kuumaliza wote kwa mkupuo, cheche zikiruka mpaka barabarani, halafu akapumzika kifua mbele. Pimamaji alisogea karibu. Alitoa pimamaji mfukoni, akailaza juu ya fremu. Kiputo kikakimbilia kona kama mwizi aliyeona tochi.

"Umeivuta," akasema.

"Nimeivuta na nini? Nimeishika kwa mkono?"

"Kwa moto. Umechoma upande mmoja mpaka mwisho, chuma kimejikunja kuufuata. Kata."

"Nikate?!"

"Kata, uanze tena. Kwanza unashikiza kidogokidogo kona zote. Halafu unachoma kona hii, unahamia ile ya mkabala. Kidogo hapa, kidogo pale. Chuma hakitakiwi kujua unaelekea wapi."

"Mzee, hii ni stendi au kaburi la tajiri?"

"Ingekuwa kaburi ningekuzika nalo. Kata."

Cheche akakata, na kila alichokikata alikipa jina la mzee huyo na la ukoo wake. Lakini mara ya pili fremu ilitoka imenyooka, na alijifanya hajaona jinsi kiputo kilivyosimama katikati, kimetulia kama hakimu aliyesinzia. Wakaweka bati la juu, wakalitoboa mashimo ya boliti za mashine, wakalizungushia ukingo ili mafuta yasimwagike. Kila mguu ukapewa boliti nene chini, yenye nati ya kupandisha na kushusha, maana hakuna sakafu duniani iliyonyooka, na ya nyumba ile ilikuwa imekata tamaa siku nyingi.

Kisha Pimamaji akagonga mguu mmoja kwa spana. Ngooooo, ukaitika, kama kengele ya shule.

"Unasikia?" akasema. "Debe tupu haliachi kuvuma. Mashine ikitetemeka, mabomba haya yatapokea na kumpelekea yule mdogo wangu mpaka mezani kwake. Lazima yajazwe mchanga. Mkavu kabisa, ukiwa na maji utatia chuma kutu kutoka ndani."

"Mchanga uko wapi?"

"Utakuwepo."

Ndivyo mkewe alivyokuja kumkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anakoroga kitu kwenye kikaango chake kikubwa.

"Unakaanga nini?"

"Mchanga."

Mwanamke alichungulia kikaango. Alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua kwamba jibu lile halikuwa utani, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Tutaula na nini?"

"Hauliwi. Ni wa kujaza miguu, stendi isivume. Kitu kitupu kinapiga kelele, mama. Ukikijaza kinanyamaza."

"Mbona hukuanza na kichwa?"

Lakini alimwachia kikaango. Alikuwa amepiga hesabu yake: kikaango kimoja kiharibike, au mtu huyu arudi kupima sufuria maisha yake yote yaliyobaki. Kikaango kilikuwa rahisi.

Stendi ikaletwa, ikatiwa mchanga kwa faneli, miguu ikigongwagongwa mpaka mchanga ukakaa na kushiba, ikazibwa. Pimamaji akaigonga tena kwa spana. *Dup.* Hakuna zaidi. Chini ya kila boliti akaweka kipande cha tairi kuukuu. Cheche, aliyekuja kuangalia kazi yake ikidhalilishwa mpaka mwisho, alishauri waifunge stendi kwa boliti kwenye ukuta, iwe imara zaidi.

"Ukuta ule nusu ni wa yule mwendawazimu," akasema Pimamaji. "Siegemei kitu chake." Akaiacha stendi ikisimama mbali na ukuta, upana wa kiganja. Hivi ndivyo chuki nayo mara nyingine inavyofanya kazi ya uhandisi.

Huku upande wa pili, yule mwendawazimu hakulala. Kila aliyepita kuweka betri kwenye saa aliondoka na habari: "Jumamosi ya mwisho wa mwezi kaka yangu anafungua mashine ya kusaga. Siku ya kwanza ni bure. Waambie na wenzako." Aliwaza hivi: shangazi atafika, mtaa utakuwa umejaa ndoo za nafaka, mashine itawashwa, na itajulikana kwamba haiwezi kusaga hata punje moja. Aibu itampanda shangazi kichwani. Na shangazi mwenye aibu hahitaji bakuli la maji.

Jumamosi ikafika. Foleni ilianzia mlango wa Pimamaji, ikapinda uchochoroni, ikatokea kwa muuza mkaa. Ndoo, mabeseni, mifuko ya plastiki. Wanawake wawili walikuwa tayari wameshagombana nani alimtangulia nani. Shangazi akatokea na debe lake la mahindi, akapita mbele ya wote bila kuangalia mtu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Kwanza haki," akasema, akaweka debe chini. "Halafu unga."

Alikwenda mwenyewe upande wa Fundi Saa, akajaza bakuli maji mpaka mdomoni, akaliweka kwenye meza ya saa, pale inapogusana na ukuta. Mkewe Pimamaji akasimama uwanjani kupeleka sauti. "Washa!"

Pimamaji akawasha. Alikuwa amebana kipande cha chuma kigumu, si kile laini, kwa sababu kiburi chake hakikuwa cha mchezo. Kisu kikagusa chuma, kikakila, vinyweleo vya chuma vikaruka mpaka kwenye ukingo wa bati. Stendi ikasimama tuli. Akaweka kiganja kwenye bati, halikumwambia kitu.

Upande wa pili shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia maji. Maji yalilala kama kioo. Fundi Saa naye akainama. Akakodoa. Halafu maji yakatikisika, mara moja, mara mbili.

"Yametikisika!" akapiga kelele. "Shangazi, umeona!"

"Nimeona," akasema shangazi. "Nimeona pia goti lako. Mguu wako una mashine?"

"Nilikuwa najikuna."

"Jikune tena na hilo goti nitalisaga."

Maji yakatulia, yakaendelea kutulia, mpaka mkewe Pimamaji akatoa kigelegele kimoja kikavu kutoka uwanjani na foleni nzima ikaitikia bila kujua inashangilia nini. Shangazi alivuka na debe lake. Aliizunguka stendi. Akaisukuma kwa mkono. Akaisukuma kwa nyonga, nyonga ambayo ilishahamisha makabati. Haikuitika.

"Hii ndiyo stendi," akasema. "Haya, mwanangu. Mahindi yanamiminwa wapi?"

Pimamaji aliizima mashine. Nje ndoo ziligongana. Fundi Saa alikuwa ameshajipenyeza mlangoni ili asikose hata herufi moja.

"Hakuna pa kumimina, shangazi."

"Kivipi?"

"Inasaga chuma."

Shangazi alilitazama debe, akaitazama mashine, akalitazama debe tena. "Chuma ndiyo nafaka gani?"

"Alikudanganya, shangazi!" Fundi Saa akaruka. "Siku ileile nilijua! Haijawahi kusaga unga, haitasaga unga, inakula vyuma tu!"

"Sikudanganya," akasema Pimamaji. "Nilisema ya kusaga. Chuma nacho kinasagwa."

"Na hawa watu wote!" akasema shangazi. Habari ilikuwa imeshatoka nje, na foleni haikuipokea kwa upole. "Chuma tunapikaje?" sauti moja ikauliza. "Amlishe mkewe!" ikajibu nyingine. "Tangu alfajiri tumesimama kwa ajili ya kichaa!" Mwanamke mmoja aligeuza ndoo yake na kuipiga chini kama ngoma, na Pimamaji akatoka mlangoni na spana mkononi. "Hapa hatusagi unga! Aliyewaambia bure ni nani? Mfuateni yeye, awasagie na saa!"

"Nyamazeni," akasema shangazi, na hata muuza mkaa akanyamaza.

Alikaa juu ya debe lake. Mkono wake ulikuwa bado kwenye stendi, unaipapasa kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Mashine ya marehemu mume wangu," akasema taratibu, "iko stoo. Nzima. Imelala chini kama mgonjwa tangu stendi yake ioze. Na watu hawa wana njaa ya unga, nawaona. Basi. Toa hicho kidude chako hapo juu. Kesho kutwa italetwa ile ya marehemu, ikae hapa. Hii stendi itaibeba."

Pimamaji aliishika mashine shingoni kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno, neno halikutoka. Mara hii hakuwa amelimeza, lilikuwa limekimbia.

"Ile... ya dizeli?" akauliza Fundi Saa. Sauti yake ilikuwa imepungua uzito.

"Ya dizeli. Mtaa mzima unaisikia ikiwaka."

Fundi Saa alitazama ukuta. Alitazama foleni. Ndani ya kichwa chake dizeli ikawaka: moshi kupitia dirishani, vumbi jeupe la unga likishuka polepole ndani ya kila saa iliyofunguliwa, watu na ndoo mlangoni kuanzia jogoo wa kwanza, wakimwuliza saa ngapi sasa. Alivua lenzi, akaifuta, akaivaa kwenye jicho la upande mwingine.

"Shangazi, kwani hii ya chuma ina ubaya gani?"

"Sasa hivi umesema amenidanganya."

"Alikudanganya kwa nia njema."

"Na bakuli?"

"Halikutikisika."

"Sijasikia."

"Halikutikisika!"

"Waambie hawa wenye ndoo. Wewe si ndiye uliyewaita? Unadhani sijui unga wa bure unatoka kinywani mwa nani?"

Fundi Saa akatoka mpaka kizingitini, mbele ya foleni nzima, jasho linamtoka kama aliyebanwa kwenye jiliwa, akatamka: "Mashine ya kaka yangu haitikisiki. Haina kelele. Haina shida yoyote. Ni mashine nzuri kuliko zote." Kila neno lilimtoka kama jino. Cheche, aliyekuwa amesimama kwenye foleni na kifuko chake cha mtama, akapiga makofi peke yake.

Shangazi aliinuka. "Nilisema maji yakitulia, mashine ibaki. Mimi sina maneno mawili. Ibaki. Na nyie wawili mtabeba debe langu mpaka kwenye mashine yenye akili, mmoja upande huu, mmoja upande ule, na nisisikie mtu."

Foleni ilianza kuvunjika, ikiacha matusi yaliyopangwa vizuri kuliko ilivyokuwa yenyewe. Lakini waliobaki walibaki, maana Fundi Saa alikuwa amekimbilia kwake na sasa amerudi, amekunja kitambaa mkononi kama anayeleta kitu cha thamani. Alikuwa amefikiri. Kama mashine itakaa pale maisha yote, na kwa ushahidi wake mwenyewe, basi na yeye apate chake. Akasimama mbele ya kaka yake. Akakohoa.

"Kaka. Sisi tumezaliwa tumbo moja. Tumejengewa ukuta, ndiyo, lakini ukuta si damu. Leo nimesimama mbele ya watu nikakusemea. Na mimi nakuja kwako." Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na gurudumu dogo la meno, la saa ya ukutani, meno mawili yamekatika. "Hili limenisumbua. Nataka kazi ya kwanza ya mashine yako, juu ya stendi yako, iwe ya kwangu. Nichongee, kaka. Tuanze upya."

Mkewe Pimamaji alishika shavu. Shangazi akashusha kichwa, akakubali kwa macho. Hata Cheche alivua kofia.

Pimamaji akalichukua gurudumu. Akalipuliza vumbi. Akaligeuza, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu meno yaliyobaki kwa ukucha wa kidole gumba. Kisha akalirudisha ndani ya kitambaa.

"Magurudumu haya si yanauzwa dukani?"